Haya Isimfunge Ulimi Kijana Aliye Ugenini

Usiku mmoja wa kipupwe, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimekwisha kufunga mlango wa madrasa, nami nimejikunja ndani ya koti kwa ajili ya ule upepo wa Dodoma usiomhurumia mzee wala mtoto. Mara nikamwona mama mmoja amesimama chini ya mwarobaini, simu mkononi. Nilimtambua upesi. Ni mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana aliyehitimu Qur'ani kwangu, akafaulu vizuri masomo yake ya shule, na baadaye akapata nafasi ya kusomea udaktari katika nchi ya Kuba. Tuliamkiana, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mwanao anataka kurudi. Mimi nimesema naye mpaka nimeshindwa. Msikilize mwenyewe.”

Akabonyeza simu, nami nikasikia sauti ninayoijua tangu ilipokuwa ya mtoto wa miaka sita. “Shikamoo Mwalimu. Mimi huku ni mzima wa mwili, lakini ulimi wangu umekufa. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nifike. Wenzangu wanasema na wenyeji, wanacheka nao, wanabishana nao. Mimi kitabu nakielewa, mtihani wa kuandika nafaulu, lakini nikifungua kinywa mbele ya watu maneno yananitoroka. Ulitufundisha kuwa Zayd bin Thabit alijifunza lugha ya watu kwa nusu ya mwezi; mimi mwaka unakaribia kwisha. Mwezi ujao tutaanza kupelekwa kwa wagonjwa. Mgonjwa atanieleza maradhi yake kwa Kihispania, nami nitamjibu nini? Afadhali nirudi nyumbani kabla sijamdhuru mja wa Mungu.” Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaongeza maneno ambayo mpaka leo yananichoma: “Mwalimu, kila nikikosea neno, naona kama nimesimama tena mbele yako.”

Ndugu msomaji, usiku ule sikuwa na jibu. Nilimwambia mama aende akapumzike, nami nitamjibu kijana kwa wakati wake. Lakini usingizi ulinikimbia, kwani niliyajua maneno yale yana maana gani.

Katika madrasa yangu, kwa muda wa miaka mingi, mtoto aliyekosea herufi alisimamishwa mpaka mwisho wa darasa, na wenzake wakaambiwa wamtazame. Niliona ndiyo njia ya kulinda usomaji wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, maana wanavyuoni wa tajwidi wameyagawa makosa ya msomaji mafungu mawili, la dhahiri na la siri, na lile la dhahiri huweza kugeuza maana. Nia yangu ilikuwa njema. Lakini kijana huyu, aliyekuwa hodari kuliko wote, alijifunza kwangu mambo mawili kwa pamoja: alijifunza kusoma vizuri, na alijifunza kunyamaza kila asipokuwa na yakini. La kwanza ndilo lililomfikisha Kuba. La pili ndilo lililotaka kumrudisha.

Nimeona niyaandike haya kwa kuwa hayamhusu yeye peke yake. Leo vijana wetu wamo Uturuki, China, Urusi, Ujerumani na kwingineko, na kila mmoja amekutana na lugha ambayo mama yake hakuijua. Kwa upande wa Kuba, urafiki wa nchi yetu na nchi ile ni wa siku nyingi. Mwalimu Nyerere aliizuru mwaka 1974, na Fidel Castro akaja kwetu mwaka 1977. Mwaka 1999 kilifunguliwa mjini Havana chuo kikubwa cha udaktari kinachopokea vijana wa mataifa mengi, na wasiojua Kihispania huanzishwa kwanza katika lugha. Jirani zetu wa Kenya nao mwaka 2018 walipeleka huko madaktari wao 50 kuongeza elimu ya udaktari wa familia. Hao walikuwa watu wazima, wenye shahada na wagonjwa wao nyumbani, nao pia walirudi kukaa kwenye madawati kama watoto, wakaanza na maamkizi. Basi aibu iko wapi?

Nianze na hesabu ya muda, kwa sababu hofu nyingi huzaliwa na hesabu mbaya. Serikali ya Marekani ina chuo cha kuwafundisha lugha watumishi wake wanaokwenda katika balozi. Chuo hicho hukadiria kuwa mtu ajuaye Kiingereza huhitaji majuma yapatayo 30 ya masomo ya kila siku ili akitumie Kihispania kwa kazi, na kwa Kiswahili chetu hukadiria majuma yapatayo 36. Tena Kihispania kimewekwa katika fungu la lugha zilizo nyepesi kwao. Fahamu kwamba mwanafunzi wa chuo hicho hana kazi nyingine mchana kutwa ila lugha yenyewe. Kijana wetu, kwa miezi ile kumi na moja, alikuwa akibeba lugha kwa mkono mmoja, na mifupa, mishipa na dawa kwa mkono wa pili. Hakuchelewa, alijipima kwa kipimo kisichokuwa chake.

Na ama habari ya Zayd bin Thabit, mimi ndimi niliyeisimulia nusu. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, na ni kweli imepokewa kuwa aliyamudu kwa muda wa nusu ya mwezi. Lakini nilisahau kuwaambia watoto kuwa habari ile ni ya kusoma na kuandika barua, siyo ya kusimulia hadithi sokoni. Kwamba Zayd alikulia Madina, mji ambao Mayahudi walikuwa majirani. Na kwamba alikuwa mtu wa akili isiyo ya kawaida, ambaye baadaye alikabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Kisa kilichokusudiwa kumtia mtoto moyo, mimi nilikigeuza kuwa fimbo. Tena fimbo hiyo kijana aliibeba mpaka ng'ambo ya bahari, akawa anajichapa mwenyewe.

Nilipofika hapo katika fikira zangu, nilikumbuka nilivyokuwa mimi.

Nilizaliwa kijijini Kondoa, na nyumbani kwetu tulisema Kirangi. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya wageni. Nilipoletwa Dodoma mjini kukaa na baba mdogo, aliyekuwa na duka lake dogo, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye husoma Kiswahili kitabuni lakini hukisema kama mtu anayevuka mto juu ya mawe yenye utelezi. Siku moja akaja mteja, akauliza, “Mwenye duka yuko wapi?” Baba mdogo alikuwa bafuni. Nami nikajibu kwa sauti kubwa na ya heshima, “Anaoa.” Mteja akastaajabu. Mama mdogo, aliyekuwa uani akipepeta mtama, akaacha ungo akaja mbio kuuliza anaoa nani, lini, na kwa idhini ya nani. Herufi moja tu, ile g ya kuoga, ilitaka kuvunja nyumba.

Walicheka siku tatu. Lakini angalia hekima ya mama mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakunisimamisha mbele ya watu. Alinipa kazi zaidi ya kusema. Kila asubuhi alinituma sokoni, akaniambia niulize bei kwa watu watatu kabla ya kununua. Nikarudi na makosa, akayanyoosha, akanituma tena. Wateja wetu wengi walikuwa Wagogo wa Bahi na Chamwino, wakiingia na salamu yao ya “Mbukwenyi”, basi na Kigogo nacho kikaniingia nisijue siku kilipoingia. Mteja hana subira ya kungoja muuzaji atunge sentensi nzuri. Anataka chumvi yake. Haja ndiyo iliyonifundisha.

Hapa kati ya nchi tunapoishi, ndugu msomaji, aghlabu hapana mtu wa lugha moja. Mgogo, Mrangi na Msandawe, ambaye lugha yake ina sauti za kugonga ulimi tusizoziweza sisi wengine, wote hukutana kwenye Kiswahili, na wengi wetu tulikiokota njiani kwa kuchekwa. Mtoto wa Dodoma anayedhani hana kipawa cha lugha amesahau kwamba amekwisha kujifunza moja au mbili kabla hajaota ndevu. Kwa nini zile ziliingia na hii ikakataa? Kwa sababu zile alijifunza kabla hajajua kuona haya.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo kijana mwenyewe alikuja kuniungamia nilipomhoji. Alikuwa na pa kujificha. Katika bweni lake wamo vijana wa nchi nyingine za Afrika wanaojua Kiingereza, na baadhi ya walimu hukielewa kidogo. Basi kila Kihispania kilipomlemea, alikimbilia Kiingereza. Alisema, “Mwalimu, nilikuwa nikipata nilichokitaka.” Nikamwambia, “Naam, mwanangu, na ndiyo maana hukupata lugha.”

Mfano wa jambo hili uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwezi Aprili mwaka 1965 mtu mmoja mashuhuri alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo. Ni Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina, daktari kwa elimu yake, aliyekuwa na cheo kikubwa katika serikali ya Kuba. Yeye na wenzake walijificha kwa majina ya hesabu zetu: mmoja aliitwa Moja, mwingine Mbili, naye akaitwa Tatu. Vita vile havikufaulu, na kabla ya mwaka kwisha waliondoka. Sitaki kuingia katika siasa ya mambo hayo. Nataka jambo moja tu. Alipoandika baadaye kuyapima makosa yake mwenyewe, alikiri kuwa hakujifunza Kiswahili kwa bidii na kwa kina kilichotakiwa, na sababu akaitaja: alijua Kifaransa. Kwa Kifaransa aliweza kusema na wakubwa, basi akabaki mbali na askari wa kawaida. Mtu mwenye akili na ushujaa kama ule alizuiwa na lugha aliyokuwa akiijua tayari. Daktari atakayesema na profesa tu, asiweze kusema na mgonjwa, atakuwa ametumbukia katika shimo lilo hilo.

Nilipomwambia hayo, kijana akacheka kicheko kidogo, cha kwanza kukisikia kwake kwa muda mrefu, akanisimulia kisa alichokuwa amekificha hata kwa mama yake. Katika miezi ya mwanzo alikosea darasani, akataka kuomba radhi kwa kusema kwamba anaona haya. Hakulijua neno, akalichukua la Kiingereza linalomaanisha kuona haya, akaligeuza kidogo lifanane na Kihispania, akasimama akatangaza, “Estoy embarazado.” Darasa zima likaanguka kwa kicheko, kwani maana ya maneno hayo kwa Kihispania ni “Nina mimba.” Tangu siku ile alikuwa hasimami tena. Nami nikamsimulia kisa cha baba mdogo aliyeoa akiwa bafuni, ambacho sikupata kukisimulia kwa mwanafunzi wangu yeyote katika miaka yote ya kufundisha. Tukacheka wote wawili, yeye kule mchana, mimi huku usiku.

Lakini kicheko peke yake si dawa. Nilimwonyesha kuwa milango mingi ya lugha ile iko wazi kwake kuliko anavyodhani, nami nitaitaja hapa kwa faida ya vijana wengine.

Kwanza, irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa karibu sawasawa na zetu. Mwingereza hutaabika sana hapo. Mswahili hapati taabu. Ile ñ yao ni ny ya nyumba, na ch yao ni ch ya chai.

Pili, katika lugha zote mbili kitenzi humbeba mtendaji ndani yake. Sisi husema “nasoma” kwa neno moja, nao husema “leo” kwa neno moja, maana yake ile ile. Tofauti ni kuwa sisi tunamweka mtendaji mwanzoni mwa neno, wao mwishoni.

Tatu, majina yao yamegawanyika mafungu mawili, la kiume na la kike, na sifa hulifuata jina. Nyumba nyeupe ni “casa blanca”, kitabu cheupe ni “libro blanco”. Mtu aliyekua na ngeli zote hizi za Kiswahili, za wa na vya na ya na za, aogope mafungu mawili?

Nne, maneno mengi ni ya ukoo mmoja. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, ya Granada, ikaanguka mwaka 1492. Kwa karne hizo karibu nane Kiarabu kiliacha maneno mengi katika Kihispania, kama kilivyoacha mengi katika Kiswahili. “Azúcar” ni sukari. “Aceituna” ni zeituni. “Azafrán” ni zafarani. “Alcalde”, mkuu wa mji, limetokana na neno lile lile lililotupa kadhi. “Hasta”, maana yake mpaka, ni ndugu wa hata yetu. Na Mhispania akitaka kusema laiti jambo fulani liwe, husema “ojalá”, neno lililotokana na dua ya Kiarabu ya kutaja mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Tena Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania, walituachia pwani maneno kama meza na bendera, na kwa Kihispania ni “mesa” na “bandera”. Kijana wetu alikuwa na mtaji, naye anadhani ni maskini.

Nilimwuliza pia habari ya chakula, maana mama yake hilo ndilo lililomkosesha raha. Huko Kuba nyama ya nguruwe huliwa sana, na mafuta yake hutiwa katika vyakula vingi. Kuna chakula cha wali na maharage meusi ambacho jina lake, likifasiriwa, ni “Waislamu na Wakristo”, kwa kukumbuka zama zile za Hispania. Lakini mtu asidanganywe na jina, kwani nacho yawezekana kimepikwa kwa mafuta hayo. Kijana aliniambia kuwa kwa miezi mingi alikula mkate na ndizi tu, kwa sababu aliona haya kumwuliza mpishi. Angalia, ndugu msomaji, haya ilivyo! Haya ni tawi la imani, lakini haya inayomzuia mtu kuuliza ili aijue halali yake imekwisha kupotea njia. Nikamwambia sentensi ya kwanza atakayoisema kila siku bila kujali ameikosea au la, iwe hii: “No como puerco,” yaani, sili nguruwe. Kesho yake akaenda jikoni akaisema. Mpishi hakumcheka. Alimwonyesha sufuria lililokuwa salama, na tangu hapo akawa akimwekea sahani yake kando. Sentensi ya maneno matatu ilimpa chakula na rafiki.

Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami niliona si haki kumwambia mtoto ainame ilhali mimi nimesimama wima. Basi nikamwambia, “Kila Alhamisi jioni utanifundisha mimi maneno kumi ya Kihispania, na nitakapokosea utaninyoosha.” Alikataa mwanzoni, akaona ni utovu wa adabu. Nikamlazimisha. Alhamisi ya pili nilitaka kusema “pero”, maana yake lakini, nami nikaikaza ile r, likatoka “perro”, maana yake mbwa. Nikawa nimemwambia mwanafunzi wangu, “Mimi ni mzee, mbwa ninajifunza.” Watoto wa madrasa walikuwa mlangoni wakisikiliza. Walitaka kucheka, wakaogopa. Nikawaambia, “Chekeni.” Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikalisema tena vizuri. Tangu siku ile hakuna mtoto anayesimamishwa kwangu kwa kosa la ulimi. Anaambiwa, “Rudia, nasi turudie nawe.” Wala usomaji haukuharibika, wale waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao sasa nawasikia sauti zao.

Na kwa nini nilichelewa hivyo, hali ya kuwa nilikuwa nikiifundisha hadithi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba asomaye Qur'ani kwa kubabaika na kwa taabu ana ujira mara mbili? Ikiwa katika Kitabu kitukufu mwenye kujikokota hakufukuzwa, bali amezidishiwa, itakuwaje katika lugha ya sokoni na hospitalini?

Mwezi wa kwenda kwa wagonjwa ulifika. Kijana hakurudi nyumbani. Alinisimulia kuwa mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi kizee, naye alisema upesi sana, kwani watu wa Kuba husema haraka, na herufi s ikiwa mwisho wa silabi aghlabu huimeza, hata aliyesoma kitabuni hudhani anasikia lugha nyingine. Hakuelewa. Zamani angetikisa kichwa kama aliyeelewa, na hilo ndilo jambo la hatari kwa daktari. Safari hii akasema, “Tena, tafadhali, polepole zaidi.” Bibi akamwita “mi hijo”, mwanangu, akaushika mkono wake, akauweka mahali panapouma, akasema, “Me duele aquí,” panauma hapa. Akarudia mara tatu. Daktari mkuu aliyesimama kando hakumkemea kwa kuuliza. Alimwambia kuwa anayeuliza mara mbili hukosea mara chache.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba sasa ni fasaha. Bado hapati mzaha ukisemwa upesi, bado kwenye simu hupotea, na siku nyingine hurudi bwenini kichwa kinamwuma. Lakini hofu yake ya kumdhuru mgonjwa imepata pa kukaa: imemfanya aulize, badala ya kumfanya akimbie.

Alibaki mama na hofu yake. Jioni moja aliniuliza, “Mwalimu, na lugha hiyo ikimkolea, si atatusahau?” Hilo nalo si swali dogo. Yule Guevara alipokuwa Kongo alikuwa na kijana wa Kikongo wa kumfundisha Kiswahili na kumfasiria, jina lake Freddy Ilanga. Baadaye kijana huyo alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akasoma, akawa daktari mpasuaji wa ubongo. Alikaa huko karibu miaka 40, na kwa muda mrefu hakuwa na habari za watu wake mpaka zilipomfikia mwaka 2003. Mfano wake una pande mbili: lugha ya ugenini yaweza kumfikisha mtu mbali kabisa katika elimu, na umbali waweza kumkata mtu na nyumbani kwao. Lakini kilichomkata hakikuwa Kihispania. Zilikuwa ni vita, na bahari, na kukosa njia ya kupeleka salamu. Leo njia iko mkononi mwa mama.

Basi wazazi wenzangu, nawaomba mambo haya. Mkizungumza na mtoto aliye mbali, msimwulize kila mara, “Je, umekwisha kuijua lugha yao?” Mwulizeni, “Leo umezungumza na nani?” Semeni naye Kiswahili, Kigogo, Kirangi, lugha yoyote ya nyumbani, mumsimulie mvua, zabibu, na harusi ya jirani, ili awe na mahali ambapo ulimi wake hupumzika. Na nyinyi vijana, jiwekeeni saa maalumu ya siku ambayo Kiingereza hakitumiki. Tafuteni mzee wa kuzungumza naye, kwani wazee husema polepole na hawana haraka ya kuondoka. Andikeni kila kosa mlilonyoshwa, si kwa majuto, bali kama mfanyabiashara anavyoandika mali iliyoingia.

Na walimu wenzangu, mtoto anayekosea mbele yetu leo atasimama kesho mbele ya watu tusiowajua, katika nchi tusizozifika. Tumpe cha kumsaidia huko. Mama wa kijana sasa hupita madrasani kila Alhamisi, hukaa upande wa akina mama na kuwasikiliza watoto wanavyonicheka na Kihispania changu. Juzi naye alijaribu. Alimwambia mwanawe, “Buenos días,” ilhali huku kwetu ni usiku. Kijana akamjibu, “Umepatia, Mama, huku ni mchana.”

Wabillahi taufiq.